Kijana Anapoacha Kutafuta Kazi

(Muziki wa kufungulia, unashuka taratibu)

Kipindi hiki ni chako popote ulipo, iwe Nakivale, Kyaka, Kakuma, Nyarugusu au Mahama. Na wewe unayesoma kipindi hiki kwenye karatasi kwa sababu betri ya redio iliisha, au saa ya kipindi ilikukuta kwenye foleni ya maji, karibu vilevile. Hujakosa kitu, yote yamo humu.

Leo tunazungumza jambo linalogombanisha nyumba nyingi. Mzazi anaamka alfajiri, anamkuta kijana wake wa miaka 22 bado amelala. Saa nne kijana anatoka, anakaa kwenye kibanda cha kuchaji simu na wenzake. Jioni anarudi, anauliza kuna chakula gani. Mzazi anasema: vijana wa siku hizi ni wavivu. Kijana hajibu, au anajibu vibaya. Na tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa, ugomvi huo umekuwa mkali zaidi, kwa sababu mdomo ambao haukuhesabiwa zamani sasa unahesabiwa.

Swali letu ni moja. Je, ni uvivu kweli? Kama si uvivu, ni nini kinachompa kijana nguvu ya kutafuta kazi, na ni nini kinachomnyang'anya?

Kabla sijaendelea niseme hili. Anayedhani wakimbizi hawapendi kazi aende sokoni. Mwaka 2018 shirika la Benki ya Dunia linaloshughulikia biashara binafsi, IFC, lilitoa utafiti kuhusu Kakuma, likakuta biashara zaidi ya 2,000 ndani ya kambi na mji wake. Hizo ni duka za unga, saloni, mafundi cherehani, wauza vocha, vibanda vya chai. Hakuna aliyewaamrisha watu hao kufanya kazi. Kwa hiyo tukimwona kijana amekaa, tusiseme haraka kwamba mkimbizi ndivyo alivyo. Tuulize kilichomfika huyu.

(Muziki mfupi)

Nianze na kijiji kimoja cha Ulaya, na usishangae, kitatuhusu.

Karibu na mji wa Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji kinaitwa Marienthal. Karibu kila familia iliishi kwa mshahara wa kiwanda kimoja cha nguo. Kati ya mwaka 1929 na 1930 kiwanda kikafungwa. Kijiji kizima kikabaki bila kazi, kikiishi kwa posho ndogo ya serikali. Kundi la watafiti likaenda kukaa na wanakijiji kuona nini kitatokea, na mwaka 1933 wakatoa kitabu. Mmoja wa waandishi alikuwa mwanamke kijana, Marie Jahoda.

Watu wengi wakati ule walidhani mtu asiye na kazi atakuwa na hasira, atafanya fujo, au atatumia muda wake kusoma na kujiendeleza. Watafiti walikuta kitu kingine. Watu walipoa. Walikuwa na muda mwingi kuliko zamani, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu. Wanaume wengi waliacha kuvaa saa. Watafiti walisimama dirishani wakapima mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimama kila mara, kama watu wasio na pa kufika. Walipoulizwa jana walifanya nini toka asubuhi hadi mchana, wengi walishindwa kukumbuka. Wanawake walitembea haraka zaidi, kwa sababu nyumbani kazi haikuwa imefungwa: kupika, kufua, kushona nguo iliyochanika mara ya tatu.

Unaona kilichotokea? Kwanza kazi iliondoka. Halafu hamu ikaifuata. Si kwamba hamu iliisha kwanza ndipo kazi ikapotea. Hapo ndipo mzazi wetu anapokosea mpangilio. Anaona kijana amelala, anasema amekosa kazi kwa sababu amelala. Mara nyingi amelala kwa sababu amekosa kazi muda mrefu mno.

Marie Jahoda baadaye alieleza kwamba kazi, mbali na pesa, humpa mtu vitu ambavyo hatuvioni mpaka vikosekane: inagawanya siku yake, inamkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, inamfanya ashiriki jambo kubwa kuliko yeye, inampa jina mbele ya wenzake, na inamlazimisha asikae bure. Mimi nikisoma maneno hayo nawaza mambo ya kambini. Kambini siku hazina mipaka isipokuwa siku ya mgao. Na jina ulilo nalo mbele ya watu wa ofisi ni namba ya karatasi.

Niongeze jambo moja. Jahoda mwenyewe alikamatwa na serikali ya nchi yake mwaka 1936 kwa sababu ya siasa, na mwaka 1937 aliachiwa kwa sharti aondoke. Akakimbilia Uingereza. Alikuwa mkimbizi kama mimi na wewe.

(Muziki mfupi)

Utasema: hao ni Wazungu wa zamani, na walikuwa kwao. Haya, twende kambini.

Huko Bangladesh, eneo la Cox's Bazar, kuna kambi kubwa za Warohingya waliofukuzwa Myanmar. Sheria ya pale haiwaruhusu kuajiriwa kazi rasmi. Watafiti waliwachukua watu 745 wa kambi hizo wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza halikupewa kazi wala pesa za kila wiki. Kundi la pili lilipewa pesa kila wiki bila kufanya chochote. Kundi la tatu lilipewa pesa ya thamani ileile, lakini kwa kufanya kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Ungetegemea nini? Pesa ni pesa. Lakini waliofanya kazi walionekana na afya bora zaidi ya moyo na akili kuliko waliopewa pesa peke yake. Halafu wakaulizwa: mngekuwa tayari kuendelea kwa muda bila malipo? Watu 66 katika kila mia wa kundi la kazi walikubali. Hao ni watu maskini kabisa, wanaoishi kwenye vibanda vya mianzi na turubai.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi watu wafanyishwe kazi bure, na kuna wakubwa wangefurahi sana kusikia mkimbizi hahitaji kulipwa. Mtoto akilia njaa usiku huwezi kumlisha heshima ya kazi. Ninachosema ni kwamba hamu ya kazi ipo ndani ya watu, hata pale sheria na umaskini vimewabana. Ikiwa haionekani kwa kijana wako, kuna kilichoifunika.

Sasa tukitafute.

Mwaka 1964 profesa mmoja, Victor Vroom, aliandika kitabu kuhusu kazi na kinachomsukuma mtu kuifanya. Nikiliweka wazo lake kwa Kiswahili chetu, mtu kabla ya kujisumbua hujiuliza maswali matatu moyoni, hata kama hasemi. La kwanza: nikiweka bidii, nitaweza? La pili: nikiweza, nitapewa kilichoahidiwa? La tatu: hicho nitakachopewa, nakitaka kweli? Na majibu hayo hayajumlishwi, yanazidishwa. Kila aliyefika darasa la nne anajua ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Kijana anaweza kuwa na uwezo mkubwa na kuitaka kazi sana, lakini kama anaamini hatapewa hata akishinda, msukumo wake wote ni sifuri.

Tuyachukue maswali hayo tuyaweke kambini.

Nitaweza? Kijana wa Kongo amemaliza sekondari, ana diploma ya serikali ya kwao, imeandikwa Kifaransa. Anafika Uganda au Kenya, tangazo la kazi ni la Kiingereza, na cheti chake hakieleweki mpaka kitafsiriwe na kulinganishwa na cha nchi ile. Uganda kazi hiyo ya kulinganisha vyeti vya sekondari hufanywa na baraza la mitihani, UNEB. Ni safari, ni pesa, ni miezi. Mwingine cheti kilibaki kwenye nyumba iliyochomwa. Kijana huyo hakusahau hesabu alizosoma, ila kila mlango unamwambia hajui kitu, na mtu akiambiwa hivyo mara nyingi huanza kuamini.

Kinachorudisha imani hiyo, kadiri ninavyoona, si hotuba. Kila semina wanatuambia tujiamini, tunapewa soda, tunarudi nyumbani. Mtu hujiamini baada ya kufanya jambo likakubali. Na akimwona mwenzake wa bloku ileile, aliyekuja na lori lilelile, amefungua kibanda cha kutengeneza simu, hapo anasema: basi na mimi. Ndiyo maana fundi mmoja anayekubali wanagenzi wawili kibandani kwake anafanya zaidi ya mabango kumi.

Nitapewa? Hapa pana uchungu, na nitakaa kidogo. Sheria zetu hazifanani. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Kenya ina sheria ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ambayo kwenye karatasi inafungua mlango wa kazi, lakini kibali cha kazi ni jambo jingine, na kutoka kambini bila ruhusa ni kesi. Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 1998, mkimbizi anatakiwa kukaa kambini na kutoka ni kwa kibali. Kwa hiyo vijana wawili wenye akili sawa na bidii sawa, waliotoka kijiji kimoja, mmoja akavuka ziwa na mwingine akapita njia ya mpaka wa Uganda, wanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa kuhusu kazi. Kilichowatofautisha si malezi ya mama zao.

Kisha kuna kazi za mashirika, tunazoziita insentivu. Mimi mwenyewe nalipwa hivyo, kwa hiyo nasema ninachokijua. Mkimbizi anafundisha darasa moja na mwalimu mwenyeji, watoto ni walewale, chaki ni ileile, lakini malipo ya mkimbizi ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake. Mashirika husema si mshahara, ni kifuta jasho, kwa sababu sheria na bajeti zina mipaka. Inawezekana. Lakini kijana anayetazama anajifunza kitu: kwamba bidii yake ina bei ya chini kwa sababu ya karatasi aliyonayo. Wengine huendelea kwa sababu ya uzoefu na jina, na uzoefu huo huwafaa baadaye. Wengine huacha, wakaenda kulima vibarua au kuuza mitumba, na siwezi kuwaita wavivu.

Jambo jingine ni minong'ono kwamba kazi zinauzwa. Kijana hajaomba, kwa sababu amesikia kwamba lazima umjue mtu au umpe mtu kitu. Mara nyingine ni uongo wa aliyekosa. Mara nyingine si uongo. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri: kazi ya shirika haiuzwi, na huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure. Ukiombwa pesa, au ukiombwa mwili wako, dada yangu, ili jina lako liwekwe kwenye orodha, huo ni wizi na ni kosa kubwa. Peleka habari kwenye sanduku la malalamiko, dawati la ulinzi au namba ya bure ya simu iliyobandikwa kwenye ofisi. Huna haja ya kuandika jina lako. Na nyinyi mnaoajiri, mnaosikiliza kipindi hiki ofisini: bandikeni matokeo. Andikeni walioomba walikuwa wangapi, waliochukuliwa ni wangapi, na sababu. Kijana aliyeomba mara sita bila kupata hata jibu la hapana, ya saba haombi.

Nakitaka? Swali hili wazee hulisahau. Kijana wa kambini ana ndoto moja inayofunika nyingine zote, nayo ni kuondoka. Kesi ikiwa imefunguliwa, akiwa ameshaitwa mahojiano mara moja, anaona kujifunza useremala miezi tisa ni kujifunga kamba mguuni. Anasema: mwaka huu nitakuwa Marekani, mbao za nini? Ukweli ni kwamba kwa mwaka mmoja wanaohamishiwa nchi ya tatu ni chini ya mkimbizi mmoja katika kila mia duniani. Na Januari 2025 Marekani, iliyokuwa ikichukua wengi, ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kuna watu walikuwa wameshauza masufuria na magodoro, wakisubiri ndege tu.

Simkatazi mtu kuota. Lakini ndoto ya kuondoka ina tabia ya kuifanya leo ionekane haina thamani. Kwa maoni yangu, fundi mwenye ujuzi mikononi haupotezi akipanda ndege. Fundi wa umeme ni fundi wa umeme hata Ohio.

(Muziki mfupi)

Nimesema kijana, kijana, na wengi mmewaza mvulana. Tumgeukie binti.

Binti wa miaka 20 haonekani kwenye kibanda cha kuchaji simu, kwa hiyo hakuna anayemwita mvivu. Yuko kwenye foleni ya maji, anatafuta kuni, analea wadogo zake au mtoto wake mwenyewe. Kumbuka wale wanawake wa Marienthal waliotembea haraka. Kwake shida ni saa. Kozi ya ushonaji inaanza saa mbili asubuhi, maji yanafunguliwa saa mbili asubuhi. Ukimwambia aongeze bidii unamtukana. Kinachomsaidia ni mtu wa kushika mtoto kwa saa tatu, au kozi ya mchana, au kaka yake abebe jerikeni. Ndiyo, kaka, wewe. Jerikeni halitakuvunja mgongo.

Halafu kuna mtaji. Serikali ya Uganda, miaka ya 2006 hadi 2008, iliwapa vijana wa kaskazini mwa nchi, eneo lililotoka vitani, pesa za kujifunza ufundi na kununua vifaa. Waliomba kwa vikundi, na kila mtu kwa wastani alipata kama dola 380. Waombaji walikuwa wengi kuliko pesa, hivyo ikapigwa kura. Baada ya miaka 4, waliopata walikuwa wanaingiza kipato cha juu kwa asilimia 38 kuliko waliokosa. Hawakufundishwa kwanza kupenda kazi. Walipewa cherehani, mashine ya kuchomelea, randa, na hamu ikaonekana yenyewe.

Lakini hadithi ina sehemu ya pili, na si vizuri kuificha. Baada ya miaka 9 waliokosa walikuwa wamewafikia waliopata. Kidogokidogo walikusanya, wakajaribu hiki na kile, wakafika. Mimi naipenda sehemu hii ya pili kuliko ya kwanza. Ila wale walikuwa na ardhi ya kutembelea na soko la kuuzia bila kuomba kibali. Kwa aliyefungiwa ndani ya kambi, miaka 9 inaweza kuwa mingi zaidi.

Sasa mzazi ataniuliza: mwanangu nifanye naye nini kesho asubuhi? Sheria siwezi kubadilisha, mtaji sina.

Mama, baba, anza na saa. Mpe siku yake umbo. Si kwa kelele, kwa jambo lenye mwanzo na mwisho ambalo mtu mwingine analisubiri. Kufundisha watoto wa jirani hesabu saa tisa kila siku. Kumsaidia mzee wa bloku kuandika barua. Kulinda kibanda cha fundi huku akitazama mikono yake. Jambo dogo linalosubiriwa na mtu lina nguvu kuliko jambo kubwa lisilosubiriwa na yeyote.

Acha kumlinganisha na mtoto wa fulani aliye Canada. Muulize swali moja kati ya yale matatu: unaogopa hutaweza, huamini utapewa, au huitaki kazi yenyewe? Dawa ya kila jibu ni tofauti. Asiyejiamini hahitaji kufokewa. Asiyeamini atapewa anahitaji habari za kweli, pengine msindikize ofisini mkaulize pamoja. Asiyeitaka kazi hiyo, msikilize anataka ipi.

Na ukiona hali chakula hata kikiwepo, halali usiku, hataki kuonana na mtu, anasema maisha hayana maana, hapo tumeshatoka kwenye habari za kazi. Mpeleke kwa mshauri wa kituo cha afya au mhudumu wa afya wa jamii siku hiyohiyo. Usingoje.

Wewe kijana, sina maneno matamu ya kukupa. Omba kazi na mwenzako, si peke yako, ili siku ya kukosa muwe wawili. Andika kila ulipoomba, tarehe na jibu. Cheti chako kikiwepo, anza safari ya kukilinganisha sasa kabla hujakihitaji. Kikiundwa kikundi cha kuweka akiba kijijini kwenu, ingia hata kwa kiasi kidogo kuliko wote. Na kwa wanaokaa kwenye kibanda cha kuchaji simu: mwenye kibanda naye ni kijana, muulizeni alianzaje.

(Muziki unapanda, unashuka)

Swali la vikundi vya kusikiliza wiki hii: katika zoni yenu, kati ya yale maswali matatu, ni lipi linalowaangusha vijana wengi, na wavulana na wasichana wanajibu sawa? Mwandishi wa kikundi aandike majibu na kuyapeleka kwa mhamasishaji wa redio kabla ya Alhamisi. Tutayasoma hewani bila kutaja majina. Wiki ijayo tutakuwa na kipindi kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa, namna ya kuandika katiba ya kikundi, na nini cha kufanya mweka hazina anapohama kambi na sanduku.